Solo Niliyoitunga Nikiwa Nimefungiwa

Sospeter tulimzika kwao Rubafu, nyuma ya nyumba, ndani ya migomba yake mwenyewe, ziwa likionekana kwa chini kati ya majani. Kwaya ya Kilutheri iliimba sauti nne, vizuri, ila sauti ya chini kabisa ilikuwa na wanaume wawili wachovu waliokuwa wakiifuata badala ya kuishika, na nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nimekaa pale nikiisikitikia. Watu walipoanza kutawanyika, binti yake mkubwa alikuja tulipoketi akina mama, akapiga magoti kunisalimu kama watoto waliolelewa vizuri wanavyofanya bado huku kwetu. "Mama," akasema, "naambiwa ulifahamiana na baba tangu zamani, mjini Bukoba." Nikamwambia tulikuwa bendi moja. Akatabasamu. "Ulikuwa mwimbaji?" Hapana, nikasema, nilipiga besi. Akaniangalia usoni, kisha akaniangalia mikono, akauliza kwa heshima nilipiga kwa muda gani. "Mara moja," nikajibu, na akina mama walioketi nami wakacheka, naye akacheka nao, akaenda kuwaaga wageni wengine. Lilikuwa jibu la kweli, lakini nilipofika nyumbani Muleba lilinikera kama mwiba wa samaki. Nyuma ya ile mara moja kulikuwa na mwaka mzima.

Mambo ya kwetu Ijumbi nayaacha. Inatosha kusema kwamba masista walikuwa wamenirudisha. Mama Mlezi aliniita ofisini, akaniambia kwa upole kwamba ninapiga kinanda vizuri, ninafua vizuri, lakini wito hauonekani. Baba alikuwa ameshawatangazia watu wote wa parokia kwamba ametoa mtoto kwa Mungu, na sasa Mungu alikuwa amemrudisha. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu kwamba hatanitazama mpaka watu wasahau. Ndipo kaka yangu Laurenti, aliyekuwa karani katika kiwanda cha kahawa na kiongozi wa bendi ya kiwanda hicho, akasema nije nikae kwake mtaa wa Bakoba, mjini. Nilishukuru. Nilidhani mji ni mahali penye milango mingi.

Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Ilikuwa miaka ile ya siasa ya ujamaa, redio ikituambia kila asubuhi kwamba kila mtu afanye kazi, na wanamgambo wakipita sokoni na stendi kuwakusanya waliowaita wazururaji ili wakalime vijijini. Mwanamume asiye na kazi aliitwa mzururaji. Msichana wa Kihaya aliyeonekana mjini bila mume, bila kazi, bila shule, alikuwa na jina lake jingine ambalo sitaliandika. Tulilirithi wote, wema na wabaya, kwa sababu ya safari za wachache waliotutangulia. Kaka aliliogopa jina hilo kuliko nilivyoliogopa mimi. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza mgeni ni nani na anafanya kazi gani, nilimsikia kaka sebuleni akisema, "Ni dada yangu. Anaumwa kifua. Amekuja kwa matibabu, si unajua mke wangu ni muuguzi?" Balozi akasema pole. Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa. Mgonjwa wa kifua haonekani dirishani akicheka, haendi bombani kuchota maji, haimbi. Asubuhi kaka na wifi yangu Adelina walipokwenda kazini, mlango wa mbele ulifungwa kwa kufuli upande wa nje, na wa nyuma ulitokea kwenye ua wenye ukuta tu. "Si kwamba sikuamini," kaka aliniambia siku ya kwanza, ufunguo tayari mkononi. "Ni vyombo. Na ni watu." Sikumchukia. Nyakati zile sukari ilikuwa shida, naye akipata robo kilo alihakikisha chai yangu ina sukari kabla ya yake. Alikuwa mtu mwema aliyenifungia ndani.

Vyombo alivyovisema vilikuwa vya bendi. Vilitunzwa nyumbani kwake kwa sababu bohari ya kiwanda ilikuwa inavuja, na vilijaza sebule hata kupita ilibidi upite kwa ubavu: drams zilizopangwa kama sufuria, tumba mbili, amplifaya zenye vitambaa vilivyochanika, gitaa la solo la kaka ndani ya sanduku lake, la rithim, na nyuma ya kiti kikubwa, likiegemea ukuta chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, gitaa la besi la Sospeter. Lilikuwa la rangi ya maini, limebanduka ubavuni. Asubuhi kazi zangu zilikuwa chache: kufagia, kumenya ndizi, kuchambua maharage, kuyapika pamoja, na kusubiri. Majengo yale yalikuwa yamebanana. Kupitia ukuta wa jikoni nilimjua jirani yetu, Mama Saada, bila kumwona: niliujua mwendo wake, kikohozi chake, na hasa sauti yake akimwita mwanawe. Huyo Saada alikuwa haji akiitwa. Jina lake nililisikia siku nzima, na mara nyingine, nikiwa nimekaa juu ya kigoda na kisu mkononi, nilisimama bila kujua, kana kwamba ni mimi ninayeitwa.

Nililichukua gitaa la besi kwa sababu ya woga tu. Mikono yangu ilikuwa imezoea kinanda, ilikuwa inaniwasha kwa kukosa kitu cha kubonyeza. Nilijaribu kwanza gitaa la kaka, nikaliogopa; hata bila umeme nyuzi zake zilisema waziwazi na dirisha lilikuwa wazi. Besi bila umeme ni bubu. Inanong'ona tu, ukiwa umeikumbatia. Siku moja nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda changu, kichwa cha gitaa kiligusa kabati la nguo, na kabati lote likaimba. Nilishtuka, nikadhani kuna mtu ndani. Kisha nikaweka sikio langu kwenye mlango wa kabati na kuupiga tena uzi ule mnene, na sauti ikaniingia hadi kwenye meno. Basi hivyo ndivyo nilivyojifunza: nimepinda shingo, sikio limebanwa kwenye mbao, mkono wa kushoto ukitafuta juu ya shingo ya gitaa yale niliyoyasikia Jumamosi bendi ilipofanya mazoezi. Kuyasikia hakukuwa taabu. Nilikuwa nimekatazwa kutoka jikoni wanaume wakiwapo, na mlango ukifungwa, maneno ya mwimbaji hubaki upande wa pili, gitaa la solo hubaki, ila besi hupita. Wimbo mzima nilikuwa nikiupata kwa miguu yake.

Wifi Adelina ndiye aliyejua kwanza. Jioni moja tulikuwa tunakula, akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga, akatazama malengelenge kwenye ncha za vidole. "Haya si ya kumenya ndizi," akasema. Kaka alikuwa amekwenda kunawa. Adelina akaleta dawa ya zambarau ya hospitalini, akanipaka kidole kimoja kimoja, akasema taratibu, "Ukiyapasua yatachelewa kupona. Yaache yawe magumu yenyewe." Hakuuliza zaidi, wala mimi sikueleza, lakini Jumamosi iliyofuata aliniambia niwapelekee wanabendi chakula mimi mwenyewe, yeye amechoka.

Nilifika mlangoni na sinia la matoke nikamkuta Sospeter ameishika besi yake mapajani, akiifuta nyuzi kwa kitambaa, na kitambaa kimekuwa cheusi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama wapiga besi wengi, asiyesema mengi.

"Laurenti," akasema, "umeipeleka besi yangu shambani?"

"Kwa nini?" kaka akauliza.

"Ina utomvu wa ndizi."

Wenzake walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia, vidole vyangu vyeusi kwa utomvu ule ule ambao hautoki kwa sabuni wala kwa maombi. Sospeter aliinua macho, akaviona. Kisha akasema, "Basi ni mimi. Nilikula ndizi mbichi nikasahau kunawa," nao wakazidi kucheka, wakatoka uani kula kivulini. Yeye akabaki nyuma, anakaza uzi.

"Kichwa kimekwaruzika," akaniambia kwa sauti ndogo, bila kunitazama. "Unakiegemeza wapi?"

"Kwenye kabati."

"La mti gani?"

"Mvule."

"Mvule unasikia vizuri," akasema. "Weka kitambaa katikati."

Masomo yalianza hivyo, kama yaliitwa masomo. Haikuwa adabu kwa mwanamume kuingia chumbani kwangu, wala mimi kukaa na wanaume sebuleni. Kwa hiyo, wenzake wakila uani, Adelina alikaa mlango wa nyuma akiosha vyombo polepole mno, mimi nikakaa jikoni na besi, kichwa chake kikigusa mlango wa jikoni uliofungwa, naye Sospeter upande wa pili akaegemeza sikio lake kwenye mlango huo huo. Tulisikilizana kupitia ubao. Mwanzoni nilimpigia nyimbo za bendi, moja baada ya nyingine, na nilijiona nimefika. Sauti yake ikapita ubao: "Hayo ni yangu. Nayajua." Nikapiga tena, safari hii nikiongeza madoido, vidole vikikimbia kutoka uzi mnene hadi mwembamba, nikipanda na kushuka kama panya darini. "Unamkimbia nani?" akauliza.

Sikuelewa. Nilikasirika hata. Ndipo akanieleza jambo ambalo hadi leo sijalisikia likisemwa vizuri zaidi. Mpiga solo, alisema, akinyamaza, muziki unaendelea. Ana nyumba ya kurudi. Wewe besi ukinyamaza, nyumba imeanguka, na ukipanda juu kwenda kuimba, wachezaji chini wanakosa pa kuweka mguu. Kwa hiyo besi anayetaka kupiga solo lazima kwanza aache kitu chini. Uzi ulio wazi, usiobonyezwa: upige, uache ulie, na kabla haujafa sema neno lako huku juu, fupi, kisha urudi uuamshe tena. "Neno fupi," alirudia. "Halafu lazima liwe lako. La kwangu nitalisema mwenyewe."

La kwangu sikuwa nalo. Hilo ndilo lililonitesa miezi ile kuliko kufuli. Nilikaa kwenye kabati langu nikitafuta, na kila nilichopata kilikuwa cha mtu: kipande cha misa, kipande cha redio, kipande cha Sospeter. Mtu aliyefungiwa, nilijiambia, anaweza kuwa na neno gani? Haoni kitu. Nakumbuka asubuhi senene, wale panzi wanaoliwa kwetu, walipoanguka. Kulikuwa ndiyo kwanza kumepambazuka, mvua imepita, na mtaa mzima ukatoka kwa kelele, watoto na ndoo, wazee na vitenge, hata Adelina alikimbia na sare yake ya hospitali, wote wakiokota na kugombana na kucheka, senene wa kijani wakiruka kwenye mabati. Kaka alikuwa ameshafunga mlango kwa mazoea, akatoka naye kuokota. Nilisimama nyuma ya pazia, mgonjwa wa kifua. Senene mmoja aliingia kwa upenyo wa dirisha, akatua juu ya amplifaya, akatulia. Nilimtoa nje. Kisha nikalia, si kwa utulivu, nikiwa nimeuma kitenge ili majirani wasisikie, nikaenda chumbani nikapiga ule uzi wa wazi peke yake, mara nyingi, kwa hasira, bila kuongeza neno lolote juu yake. Nilipoacha nilikuwa nimechoka, na ndani ya kimya kile, kupitia ukuta, nikamsikia Mama Saada.

"Saada!" Kimya. "Saada!" juu kidogo. Kimya kirefu zaidi, cha mtu anayesikiliza kama miguu inakuja. "We Saada we!" Kisha, kwa kuwa hakuna miguu iliyokuja, ule mteremko wa lawama, maneno mengi yakishuka ngazi moja moja, mtoto gani huyu, nilimzaa na nani huyu, hadi yakafika chini na kutulia. Nilikuwa nimemsikia hivyo kila siku. Asubuhi ile vidole vyangu vilimjibu. Uzi wa wazi chini, ukilia. Juu yake noti mbili, mwito. Nikasubiri. Mwito tena, juu kidogo. Nikasubiri zaidi. Mwito wa tatu, uliopinda mwishoni. Kisha ule mteremko, vidole vikishuka bila kukimbia, kila lawama mahali pake, hadi kwenye uzi wa wazi, nyumbani.

Jumamosi nilimpigia Sospeter kupitia mlango. Sikumwambia ni nini. "Nani huyo haji?" akauliza nilipomaliza.

Hadi wakati huo nilikuwa sijajua kwamba nilikuwa nimempigia baba.

Baba mdogo alikuja kutoka Ijumbi msimu wa kahawa ulipokuwa unakwisha. Alileta mkungu wa ndizi na amwani, ile kahawa ya kutafuna, iliyofungwa vizuri kwenye jani kavu la mgomba, nami nilipoiona amwani ile nilijua hakuja kutembea tu. Niliambiwa nisalimie, nikasalimia kwa magoti, nikarudi jikoni. Mlango haukufungwa vizuri. Nilisikia kwamba kuna Ta Felisiani, yaani Bwana Felisiani, wa Muleba, mpokea kahawa ya wakulima, mgane, mtu wa kanisa, watoto wake bado wadogo, mama yake mzee yupo na ana nguvu. Nilisikia kwamba hajali habari za masista. Mtu aliyekaa kwa masista anajua kufua na kunyamaza. Nilisikia kaka akisema, "Tumuulize mwenyewe." Na baba mdogo akicheka: "Tumuulize nini? Atakaa kwako ndani hivi hadi lini, Laurenti? Hata mbuzi hufunguliwa." Kilichopita baada ya hapo ni sauti za kutafuna amwani. Bendi ilikuwa imealikwa Muleba kwenye sherehe ya kufungua ghala jipya la kijiji. Ikakubaliwa kwamba nipelekwe na lori la bendi, mama yake Ta Felisiani akanione.

Nilimwambia Sospeter Jumamosi ile, kupitia mlango. Akaniambia naye amepata bendi Mwanza, ataondoka na meli baada ya sherehe ya Muleba, na kaka bado hajui.

"Basi sote tunaondoka," nikasema.

"Mimi naondoka," akasema. "Wewe unahamishwa." Kisha akauliza: "Unataka nini, Kemilembe?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nilipotoka kwa masista, na hata kule waliuliza Mungu anataka nini. Nilijua kwamba sikuwa na pa kukimbilia; nje ya nyumba ile kulikuwa na wanamgambo, na nje ya mji kulikuwa na baba. Sikuweza kusema nataka kwenda mahali fulani kwa sababu mahali hapo hapakuwapo. Nikasema, "Nataka kuisikia ikiwa na umeme."

Siku ya Muleba kulikuwa na jua. Jenereta iliyoazimwa ilitakiwa irudishwe kabla ya giza, kwa hiyo dansi ilianza mara baada ya hotuba, mchana mweupe, ndani ya ghala jipya lililokuwa bado linanuka saruji. Bendi ilikaa juu ya meza za shule zilizounganishwa. Wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka ukutani, mimi nimevaa gauni la Adelina, na kando yangu mama yake Ta Felisiani, bibi mdogo wa umbo, mkavu, mwenye macho makali, aliyekuwa amenishika kifundo cha mkono tangu tulipokaa. Hakunishika kwa ukatili. Alinishika kama mtu anavyoshika kikapu chake kwenye umati. Mwanawe alikuwa amesimama na wanaume mlangoni, mtu mnene, mpole, aliyenisalimu mara moja na kuona haya. Nilimhurumia. Nilijihurumia zaidi. Nilihesabu kichwani maisha yangu yote yakiwa kwenye kile kiganja.

Walipofika kwenye wimbo wao wa kahawa, ule mrefu ambao watu waliupenda kuliko zote, Sospeter alianza kusogea. Nilimwona akifika ukingoni mwa jukwaa. Kwa mkono mmoja aliendelea kuupiga uzi wa wazi, ili wachezaji wasijue, na kwa mkono mwingine akauvua mkanda shingoni. Kaka aligeuka. Sospeter akapaza sauti juu ya muziki, "Kemilembe! Njoo unishikie, mkono umekufa ganzi!"

Ulikuwa uongo uliowaachia watu wote pa kupita. Nilisimama. Kiganja cha bibi kikakaza. "Unakwenda wapi?" akaniuliza kwa Kihaya. Nikamwambia, "Nimeitwa, mama," nikauvuta mkono wangu, na ulichelewa kutoka, lakini ulitoka. Sikumbuki nilivyovuka ukumbi. Nakumbuka mkanda ulikuwa na jasho la Sospeter na ulikuwa mrefu mno kwangu, gitaa likanining'inia magotini, na nakumbuka noti yangu ya kwanza. Mwaka mzima nilikuwa nimeisikia ikitoka kwenye mbao kama siri. Sasa ilitoka kwenye amplifaya nyuma yangu, ikapita sakafuni, ikanipanda kwenye nyayo, na wachezaji walioikanyaga hawakujua kwamba mikono imebadilika. Nilitaka kuiachia. Nilidhani nimevunja kitu.

Kaka alikuwa akinitazama. Uso wake siwezi kuueleza. Ulikuwa uso wa mtu anayeona nyumba yake ikitembea barabarani. Angeweza kusimamisha wimbo. Vidole vyake viliendelea kupiga solo yake kama kawaida, mzunguko mmoja, mwingine, macho yakiwa kwangu, kisha akafanya kitu ambacho mwanamuziki peke yake ndiye angekielewa: aliipunguza sauti ya gitaa lake, akarudi nyuma hatua moja. Alinipisha.

Nikauacha uzi wa wazi ulie. Nikaita. Nikasubiri, na tumba zikaendelea, na miguu ikaendelea. Nikaita tena, juu. Nilisikia mwanamke mmoja kwenye mikeka akicheka kwa mshangao, akasema "Yoo!" kana kwamba ameitwa yeye. Mwito wa tatu, nikaupinda, na watu kadhaa waliacha kucheza wakageuka, si kwa sababu wamekosa pa kuweka mguu bali ili waone ni nani. Nilipaswa kusubiri. Hapo ndipo pa kusubiri kuliko pote. Lakini niliviona vichwa vile vyote, nikamwona baba mdogo amesimama mdomo wazi, nikaogopa, nikaushuka mteremko haraka na kurudi nyumbani kwenye uzi wangu, na kaka akaingia juu na solo yake, wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipiga hadi mwisho. Kisha Sospeter akaichukua besi yake, akasema "Kasinge," yaani hongera, kama unavyomwambia mtu aliyerudi salama.

Mama yake Ta Felisiani aliitoa hukumu hapo hapo, mbele ya mikeka yote. Mwanamke anayefungwa mkanda shingoni na kusimama juu ya meza mbele ya wanaume, alisema, si wa kulea wajukuu wake; amtafute mwenye ngoma. Mwanawe alinitazama, akamsaidia mama yake kusimama. Baba mdogo aliondoka bila kuniaga, na habari ilifika Ijumbi kabla yangu. Sospeter alipanda meli ya Mwanza wiki ile. Tulionana tena mara chache tu, tukiwa watu wazima wenye watoto. Bendi ilipata mpiga besi mwingine, kijana wa Kamachumu, na hakuna aliyenitaja tena. Mimi nilirudishwa nyumbani, nikalima na mama, hadi kijiji kilipotafuta watu wa kufundisha kisomo cha watu wazima, na kutoka hapo nikapata njia ya chuo cha ualimu, kisha kazi ya kufundisha Muleba, ninakoishi hadi leo. Ualimu ndio ulionifungulia, si muziki. Napenda kulisema hilo wazi kwa sababu watu wakisikia habari hii hutaka besi iwe ndiyo iliyoniokoa. Haikuniokoa. Ndoa iliyovunjika pale ilivunjwa na ulimi wa bibi kizee, na nyumba niliyohamia baada ya hapo ilikuwa na baba ambaye alikula akinipa mgongo kwa miezi mingi.

Lakini sijasema safari ya kurudi kutoka Muleba. Jua lilikuwa linazama. Wanabendi walikaa mbele ya lori kati ya amplifaya, kaka na mimi tukawa nyuma kabisa, kwenye ubao, migomba ikipita pande zote mbili. Muleba ilikuwa imebaki nyuma sana. Nilikuwa nangoja hasira yake na nilikuwa nimeshaikubali.

"Kesho utakwenda Ijumbi," akasema. "Siwezi kukuweka tena. Balozi alikuwa miongoni mwa wageni pale, ameona huumwi."

"Ndiyo, kaka."

Alikuwa anatazama vidole vyake mwenyewe. "Pale mwishoni uliwahi mno kushuka," akasema.

Nikageuka kumtazama.

"Umeshaita mara tatu. Watu wamegeuka. Halafu unashuka kabla hawajaumia." Alitikisa kichwa kama anavyofanya mazoezini mtu akikosea. "Ungewaacha."

"Niliogopa."

"Niliona." Kisha akaimba kwa mdomo, kwa sauti ndogo, ule mwito wa tatu, akaupinda mwishoni kama nilivyoupinda, akauacha. Lori likapita shimo, likapita kona, likaanza kushuka kuelekea Kemondo, naye bado ameuacha, na mimi nilikuwa naumia nikingoja, ndipo akauteremsha, noti moja moja, hadi chini. "Hivyo," akasema.

Nikauimba. Niliuwahi tena.

"Tena," kaka akasema.

Nikauimba tena, na tukaendelea hivyo hadi mjini, na asubuhi akanipeleka Ijumbi.